Shajara ya mradi: mwongozo wa amri za rndc kwa mafundi wa zamu

Jumatatu: tunachoandika na tusichoandika

Kazi ni kuandika kwa Kiswahili mwongozo wa amri za kusimamia seva ya majina (DNS, inayogeuza majina ya mashine kuwa anwani) ya BIND 9, zile zinazopitia chombo chake cha amri, `rndc`, ili fundi wa zamu aweze kuutumia saa nane za usiku bila kumwamsha mtu. Mtandao wenyewe ni wa chuo. Seva kuu iko chumba cha mitambo, saidizi, inayoshika nakala, iko jengo la maktaba, na zote mbili zina mfumo endeshi wa Debian 12 zenye BIND toleo la 9.18. Seva hizo hizo zinajibu maswali ya nje kuhusu kikoa chetu na pia zinawatafutia watumiaji wa ndani majibu kutoka kwingine. Najua wapo watakaokunja uso kusikia kazi hizo mbili zimechanganywa, na wana haki, lakini mwongozo unaandikwa kwa mtandao uliopo.

BIND ni programu ya siku nyingi. Ilianzia Chuo Kikuu cha California kule Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hii ya 9 iliandikwa upya kabisa ikatoka mwaka 2000, na inatunzwa na Internet Systems Consortium, shirika lile lile linaloendesha seva ya mzizi ya herufi F, mojawapo ya zile za juu kabisa katika mfumo wa majina. Mwongozo wao wa Kiingereza umeshiba, na hatuna mpango wa kuutafsiri. Aliye zamu hana nafasi ya kusoma kila chaguo la kila amri. Anataka kujua akipiga amri hii nini kitabadilika, nini kitabaki kama kilivyo, na atajuaje kwamba imefanya kazi.

Chanzo chetu cha kwanza ni karatasi iliyobandikwa ukutani tangu enzi za mafundi waliokwisha kuhama. Kila amri imepewa maneno mawili matatu. "`rndc reload`: inaburudisha seva." "`rndc flush`: DNS ikisumbua." "`rndc querylog`: kuona maswali." Karatasi hiyo imewasaidia wengi na siidharau, ila kila mstari wake unaeleza nia ya anayepiga amri, hauelezi seva inafanya nini.

Mkuu wa kitengo ameweka sharti moja ambalo nimelipenda: amri ambayo hatujaipiga wenyewe kwenye maabara tukaona mwisho wake haiingii.

Jumanne: maabara, na mlango wa 953

Tumesimamisha mashine pepe mbili, kuu na saidizi, zikiwa na zoni (rekodi za kikoa kimoja) ya kubuni `chuo.example`. Herufi za mwisho hizo, `.example`, zimetengwa kwa ajili ya mifano tangu hati ya intaneti RFC 2606 ya mwaka 1999, na anwani tunazotumia, 192.0.2.0/24, zimetengwa kwa nyaraka na RFC 5737. Siyo ushabiki wa kanuni. Mwongozo wenye anwani za kweli hunakiliwa jinsi ulivyo na mtu aliye na haraka, na anwani iliyonakiliwa hivyo huwa ya mashine fulani inayofanya kazi.

Ukurasa wa kwanza unaeleza njia ambayo amri inapita, kwa sababu malalamiko mengi ya "rndc haifanyi kazi" yanaanzia hapo. `rndc` haigusi faili lolote la seva. Inafungua muunganisho wa TCP kwenye poti ya 953, kwa kawaida kwenye anwani ya ndani ya mashine yenyewe, na kutuma ujumbe uliotiwa sahihi kwa ufunguo wa siri ambao pande zote mbili wanao. Kwenye Debian ufunguo uko `/etc/bind/rndc.key`. Ukipotea, `rndc-confgen -a` hutengeneza mwingine.

Tukajaribu namna zake za kukataa. Seva ikiwa imezimwa, jibu ni `connection refused`, na hapo hakuna fumbo. Namna ya pili ndiyo iliyotukalisha. Muunganisho unakubaliwa kisha unakatwa, na `rndc` inatoa orodha ya sababu zinazowezekana: seva ya upande wa pili inatumia itifaki ya zamani, mashine hii hairuhusiwi, saa hazilingani, algoriti ya kutia sahihi imekosewa, au ufunguo ni batili. Ujumbe mmoja, sababu kadhaa, na fundi anaachiwa achague. Tukazisababisha moja moja. Iliyowashangaza wenzangu ni ya saa: tukasogeza saa ya mashine moja mbele kwa dakika kumi, tukatuma amri kutoka ile nyingine, ikakatwa, ingawa ufunguo ni ule ule wa dakika iliyopita. Kila ujumbe una muhuri wa muda, na seva inavumilia tofauti ya dakika 5 tu, ili aliyenasa amri ya zamani njiani asiweze kuirudia baadaye. Mashine ambayo betri yake ya saa imekufa, umeme ukikatika na kurudi, inaweza kuamka ikidhani ni mwaka mwingine. Kwa hiyo kwenye mwongozo ushauri wa kwanza kwa ujumbe huo ni kuangalia `date` pande zote mbili kabla ya kugusa ufunguo.

Jumatano: reload

Leo ilikuwa siku ya amri moja, na imekula siku nzima.

Maelezo mafupi ya `rndc reload` ni kwamba seva inasoma upya mipangilio yake pamoja na mafaili ya zoni yaliyobadilika. Ukiishia hapo umeandika ukweli ambao haumsaidii mtu. Tukaamua kuiharibu makusudi. Ndani ya faili la zoni tukaandika rekodi ya `maktaba` yenye anwani 192.0.2.300, namba ambayo haiwezi kuwepo, tukapandisha namba ya mfululizo (inayoonyesha toleo la zoni), tukapiga amri. Jibu:

`server reload successful`

Imefanikiwa! Tukauliza kwa `dig`, chombo cha kuuliza seva ya majina, anwani ya maktaba, tukapewa ile ya zamani, safi kabisa, bila onyo. Kwenye logi ndiko kulikokuwa na habari: mstari wenye kosa umetajwa kwa namba yake, na chini yake imeandikwa kwamba zoni haikupakiwa kwa sababu ya makosa. Seva ilichofanya ni busara kwa upande wake. Data mpya ina kasoro, ya zamani iko kwenye kumbukumbu na ni nzima, basi inaendelea na ya zamani. Na neno lile "imefanikiwa" halisemi uongo, maana linahusu mipangilio kusomwa. Upakiaji wa zoni unaendelea nyuma ya pazia baada ya jibu kutoka.

Tukaiacha hivyo mpaka baada ya chakula, kisha tukaizima seva na kuiwasha. Sasa haina data ya zamani ya kushikilia, na faili lililoko kwenye diski lina kosa. Zoni nzima ikagoma. Kila jina la `chuo.example`, siyo maktaba peke yake, likawa linarudisha `SERVFAIL`, yaani seva imeshindwa kujibu. Saidizi ikaendelea kujibu kwa nakala yake, na ingeendelea mpaka muda wa kuisha ulioandikwa kwenye rekodi ya SOA, ile yenye namba ya mfululizo na muda wa zoni, utimie.

Sasa fikiria mfululizo huo kwenye seva ya kweli. Fundi anahariri faili siku ya Ijumaa, anapiga `reload`, anaona imefanikiwa, anaondoka. Wiki tatu baadaye umeme unakatika, jenereta inachelewa, seva inawaka upya na zoni imekufa. Aliye zamu siku hiyo hajagusa kitu. Atatafuta kosa kwenye umeme, kwenye diski, kwenye swichi, kila mahali isipokuwa kwenye faili ambalo mwenzake alilihariri mwezi uliopita.

Kutokana na hilo ukurasa wa `reload` umepata umbo ambalo sasa tunalitumia kwa amri zote. Juu kuna amri na inachogusa. Halafu kuna jibu lake neno kwa neno, kama linavyotokea kwenye skrini. Halafu sehemu tuliyoiita Thibitisha: amri nyingine, tofauti, inayouliza hali ya seva. Kwa `reload` ni hizi:

`named-checkzone chuo.example /etc/bind/db.chuo` kulikagua faili kabla ya kupiga amri

`rndc zonestatus chuo.example` baada yake, ukilinganisha namba ya mfululizo na uliyoandika

`dig @127.0.0.1 chuo.example soa` kama bado una shaka

Ukitaja zoni, yaani `rndc reload chuo.example`, jibu ni `zone reload queued`: imewekwa kwenye foleni. Naliona jibu hilo kuwa la kiungwana zaidi, na tumependekeza zamu zote zizoee kutaja zoni.

Alhamisi: namba ya mfululizo

Nilitaka kuiruka habari hii nikidhani kila mtu anaijua. Mwenzangu wa maabara akaniambia, "Kaka, kila mtu anaijua mpaka aisahau." Basi tukaijaribu.

Tukabadilisha rekodi bila kupandisha namba. Seva kuu ikapakia data mpya na kuandika kwenye logi onyo kwamba namba haijabadilika na huenda zoni isihamie kwa saidizi. Ndivyo ilivyokuwa. Saidizi ikauliza SOA, ikaona namba ni ile ile, ikatulia. Kuanzia hapo nusu ya watumiaji wanapata jibu jipya na nusu la zamani, kutegemea seva gani imewajibu, na mtu mmoja anaweza kupata yote mawili ndani ya dakika moja. Hakuna malalamiko magumu kufuatilia kama hayo.

Dawa ni kupandisha namba na kupakia upya. Ila ipo na ya upande wa saidizi, `rndc retransfer chuo.example`, inayovuta zoni nzima bila kujali namba. Amri hiyo ndiyo inayookoa pia pale mtu anapoandika 2052 badala ya 2025 mwanzoni mwa namba. Namba hiyo ni ya biti 32, kikomo chake 4294967295, na kwa kanuni za RFC 1982 huwezi tu kuirudisha nyuma: saidizi itaona unarudi ilikotoka na itakataa. Njia rasmi ni kuizungusha, unaongeza 2147483647, unasubiri saidizi zote zichukue, kisha unaandika namba unayoitaka. Sisi tuna saidizi moja na iko mita mia kadhaa kutoka hapa. Mwongozo unasema: rekebisha namba kwenye kuu, pakia, kisha `retransfer` kwenye saidizi. Njia ya mzunguko tumeieleza kwa wale ambao saidizi yao iko mikononi mwa watu wengine.

`rndc refresh` ni ndugu yake mpole, inaiambia saidizi ikaangalie namba sasa hivi badala ya kungoja zamu yake. `rndc reconfig` nayo imepata aya moja: inasoma mipangilio na kupakia zoni mpya tu, haigusi mafaili ya zoni zilizokuwepo hata kama yamebadilika. Kwa seva yenye maelfu ya zoni inaokoa muda mwingi. Kwetu faida yake ni ndogo, lakini lazima iwepo, kwa sababu aliyehariri faili la zoni kisha akapiga `reconfig` atashangaa mbona hakuna kilichotokea.

Ijumaa: freeze na thaw

Zoni ya kompyuta za ofisini na maabara za wanafunzi haihaririwi kwa mkono. Seva ya DHCP, inayogawa anwani, ndiyo inayoandika humo: mashine ikipewa anwani, jina lake linaingia lenyewe. Masasisho hayo kwanza huenda kwenye jarida, faili lenye mwisho wa `.jnl`, na faili la zoni lenyewe huandikwa baadaye, hata dakika 15 baadaye. Kwa hiyo ukilifungua faili la zoni unasoma hali iliyopita.

Kuna anayetaka kuongeza printa humo kwa mkono. Anafungua faili, anaandika, anahifadhi. Tumejaribu mwisho wake kwa njia mbili. Seva ikiendelea kukimbia, ikifika muda wa kuandika inalifuta faili alilolihariri na kuweka la kwake, na printa inayeyuka bila neno. Seva ikiwashwa upya kabla ya hapo, inakuta faili lina namba ambayo jarida haliijui, inalalamika kwamba jarida na zoni havilingani, na zoni haipakiwi. Huyo aliyehariri akijaribu `rndc reload` kwa zoni hiyo anakataliwa waziwazi, `dynamic zone`, yaani zoni inayosasishwa bila mkono. Ni mojawapo ya mara chache ambazo programu hii inamshika mtu mkono mapema.

Njia sahihi ni `rndc freeze` pamoja na jina la zoni, uhariri na kupandisha namba, `named-checkzone`, kisha `rndc thaw`. Amri ya kwanza inasimamisha masasisho na kumwaga yaliyomo kwenye jarida ndani ya faili, ili unachokihariri kiwe ndicho kilichopo. Ya pili inapakia faili na kufungua tena mlango. Jibu la `thaw` linakuambia kazi imeanza na kwamba ukaangalie logi uone matokeo. Laiti `reload` nayo ingesema hivyo.

Hatari ya `freeze` ni kusahau. Inakubali kupigwa bila jina, na hapo inagandisha zoni zote za aina hiyo. Mtu anagandisha, simu inaita, anatoka. Hakuna kengele inayolia. Majina yaliyokuwemo yanaendelea kujibiwa, mashine mpya ndizo hazijisajili, na DHCP inakataliwa kimya kila mara inapojaribu. Kwenye logi mstari upo unaosema zoni imegandishwa na hata unataja `rndc thaw`, lakini nani anasoma logi ya zoni ambayo haijalalamikiwa? Tumeweka katika Thibitisha: `rndc zonestatus`, mstari wa `frozen`. Na mkuu ametaka zamu isikabidhiwe kabla mstari huo haujasomwa kwa kila zoni inayosasishwa na DHCP. Urasimu kidogo, nimeukubali.

Kwa anayetaka nakala rudufu tu, hahitaji kugandisha. `rndc sync` inamwaga jarida kwenye faili na masasisho yanaendelea.

Jumatatu: flush, na ubishi wake

Hii ndiyo amri inayopendwa kuliko zote katika zamu ya usiku. Mtu analalamika tovuti haifunguki, jibu ni `rndc flush`. Dakika mbili baadaye inafunguka, na imani inazidi.

Mwenzetu wa zamu ya usiku hakutaka tuandike lolote la kuipunguza. "Mzee, mimi ninaona inafanya kazi." Sikutaka kubishana kwa maneno, tukaangalia pamoja. `flush` inafuta kashe yote: majibu yote ambayo seva ilikwisha kuyatafuta kwa niaba ya watumiaji wote. Baada yake kila swali linaanza safari kutoka mzizi. Saa nne asubuhi, maabara zikiwa zimejaa, seva inakwenda nje kutafuta upya kila kitu ilichokuwa nacho mkononi, na mstari wa `recursive clients` (wanaotafutiwa majibu) kwenye `rndc status` unapanda. Mstari huo kwa kawaida husomeka `0/900/1000`: waliopo sasa, kikomo laini, kikomo kigumu. Usiku hauoni tofauti kwa sababu watu wamelala. Mchana unaiona.

Haigusi kabisa zoni zetu wenyewe, maana hizo hazimo kwenye kashe. Wala haigusi kashe ya kivinjari, ya simu ya mtumiaji, wala ya seva ya mtu mwingine. Nusu ya malalamiko yaliyotatuliwa na `flush` yalikwisha yenyewe.

Ila kuna hali moja ambamo yeye yuko sahihi kabisa, nayo tumeipa nafasi kubwa. Taasisi nyingine inatangaza mfumo mpya, mtu wetu mwenye shauku anajaribu kuufungua kabla jina halijawekwa. Seva inapata jibu kwamba jina hilo halipo, na jibu hilo nalo linahifadhiwa. Kiasi cha muda kinatoka kwenye SOA ya upande wa pili, kwa utaratibu wa RFC 2308, na BIND kwa chaguo-msingi haizidishi saa 3. Jina likiwekwa dakika tano baadaye, dunia nzima inaliona isipokuwa sisi. Hapo dawa ni `rndc flushname` na jina lenyewe, au `rndc flushtree` ukitaka kufuta na yote yaliyo chini yake. Unaondoa jibu moja lililochacha na kuacha mengine yote mahali pake.

Tumekubaliana hivi: `flushname` kwanza, `flushtree` ikishindikana, na `flush` tupu ina ukurasa wake, wenye saa inazoruhusiwa. Amesaini.

Jumanne: zilizobaki, kwa haraka

`rndc querylog` bila neno la ziada ni swichi: ikiwa imezimwa inawasha, ikiwa imewashwa inazima. Watu wawili wa zamu wakipiga kwa nyakati tofauti kila mmoja akidhani anawasha, wa pili amezima. Mwongozo unaandika `rndc querylog on` na `rndc querylog off` tu. Ile fupi haimo, ni ya kusahaulika.

`rndc trace` inapandisha kiwango cha utatuzi, yaani wingi wa maelezo kwenye logi, kwa moja kila inapopigwa, na `rndc notrace` inarudisha sifuri. Diski iliyojaa logi asubuhi ina historia ya namna hiyo.

`rndc stats` na `rndc dumpdb` hazionyeshi chochote kwenye skrini, zinaandika mafaili: `named.stats` na `named_dump.db`, kwetu chini ya `/var/cache/bind`. Fundi aliyeona kimya akadhani imeshindikana ataipiga tena. Ya takwimu inaongeza chini ya yaliyokuwepo, kwa hiyo soma kuanzia mwisho. Anayetaka mafaili hayo yaandikwe kwingine akumbuke kwamba AppArmor, kinga ya Debian inayodhibiti programu, hairuhusu `named` (programu ya BIND yenyewe) kuandika popote inapotaka. Ndiyo sababu pia zoni zinazosasishwa na DHCP zimewekwa `/var/lib/bind` na hazimo `/etc/bind`.

`rndc stop` na `rndc halt` zote zinazima. Ya kwanza inamwaga majarida kwenye mafaili kabla ya kuondoka. Ya pili inaondoka bila kumwaga, na seva ikiwaka inayasoma majarida na kurejesha masasisho, kwa hiyo hakuna kinachopotea ila kazi ya kuwaka inaongezeka. Jibu linatoka kabla seva haijamaliza kuzima. Ukiandika hati ya kuizima na kuiwasha, tumia `stop -p`, inarudisha namba ya mchakato ili hati yako iweze kusubiri mpaka mchakato huo uishe. Na hakuna `rndc start`. Haiwezi kuwepo, maana hakuna anayesikiliza kwenye poti ya 953. Unawasha kwa `systemctl start named`.

Alhamisi: rasimu mikononi mwa zamu

Tulichapisha rasimu, tukamkabidhi dada wa zamu ya jioni ambaye hakushiriki maabara, tukaharibu kitu na kukaa kimya. Kosa lilikuwa rahisi: rekodi mpya kwenye seva kuu bila namba kupandishwa. Lalamiko tulilompa: "jina jipya linaonekana jengo la utawala, maktaba halionekani."

Akafungua mwongozo, akaanza kupekua. Amri zilikuwa zimepangwa kialfabeti. Alifika `flush` kabla ya kufika `zonestatus`, na kwa kuwa maelezo ya `flush` yalionekana kufanana na shida yake, akaijaribu. Haikusaidia. Akaendelea mpaka akafika, lakini baadaye alisema jambo ambalo limetulazimu kupangua kila kitu: "Ningejua jina la amri nisingehitaji kitabu."

Mpangilio wa sasa unaanza na malalamiko. Jina jipya halionekani. Saidizi inatoa jibu la zamani. Mashine mpya hazijisajili. `rndc` yenyewe inakataa. Seva iko hai lakini zoni moja imekufa. Kila lalamiko lina mfululizo wa kuuliza kwanza, wenye amri zisizobadilisha chochote, yaani `status`, `zonestatus` na `dig` kwa kila seva kwa zamu, kisha ndipo zinakuja amri zinazobadilisha. Orodha ya alfabeti imehamia mwisho kwa wanaoipenda. Kurasa za amri hazikubadilika, zimehamishwa tu, na kazi hiyo imechukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea kwa sababu amri moja inatokea katika malalamiko matatu na kila mara sababu ya kuipiga ni nyingine.

Jaribio la pili alipewa fundi mwingine, kosa likiwa zoni iliyogandishwa. Alifika kwenye mstari wa `frozen` bila kugusa `flush`.

Jumatatu: toleo la kwanza

Maandishi yamo kwenye git kama maandishi matupu, kila amri na faili lake, na kila ukurasa una mstari unaotaja toleo la BIND lililojaribiwa. Ukipiga `rndc` peke yake inatoa orodha ya amri zote inazozijua. Orodha hiyo nayo tumeihifadhi. Siku seva zikipandishwa kwenda Debian 13, yenye BIND 9.20, kazi ya kwanza itakuwa kulinganisha orodha mbili hizo kwa `diff` kabla ya kuamini ukurasa wowote.

Zilizoachwa nje kwa makusudi: `addzone`, `modzone` na `delzone`, kwa sababu mbili za kwanza zinahitaji `allow-new-zones` iwashwe na kwetu imezimwa, na sioni sababu ya zamu kuunda zoni usiku. `nta`, inayosimamisha kwa muda ukaguzi wa DNSSEC (sahihi za kuthibitisha majibu ya DNS) kwa kikoa kimoja ambacho wenyewe wameharibu sahihi zao, imeandikwa nusu. Muda wake wa kawaida ni saa 1 na hauzidi wiki, na nimependekeza aliye zamu aruhusiwe kuitumia kwa saa hiyo moja tu baada ya kuandika sababu kwenye daftari. Mkuu bado anafikiria.

Karatasi ya ukutani imebanduliwa. Mahali pake pana ukurasa wa malalamiko, umefunikwa kwa plastiki, na chini kabisa kuna namba ya simu ya ndani kwa ajili ya marekebisho. Kurasa za `serve-stale` na `recursing` zinaanza wiki ijayo, maabara ikiwa wazi.